Chupa ya Pili

Naandika haya nikiwa nimesimama. Kukaa naweza, lakini si zaidi ya muda wa kumaliza sahani ya ndizi, halafu mgongo unaanza kunidai nilale. Kwa hiyo nimeweka karatasi juu ya kabati la nguo la mke wangu, linalonifika kifuani, na yeye amekwisha kulalamika kwamba namchafulia kitambaa chake kwa wino. Nimemwambia avumilie. Sista wa wodi ya wanaume ndiye aliyeniomba niandike. Amechoka kuniita kila anapolazwa mtu wa mgongo ili nimwonyeshe kwamba anayepasuliwa huko huweza kuamka akatembea. Anasema maneno yakiwa kwenye karatasi yatakaa wodini hata siku ambazo mimi niko shambani.

Mimi si daktari. Ugonjwa wangu ulikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, na zaidi ya hapo sina la kufundisha. Kwa nini kiliniingia mimi kikamwacha jirani, sijui. Nitaeleza tu nilivyoishi nacho.

Jina langu ni Evodi. Kwa miaka mingi nilikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha ushirika huku Kagoma. Kazi ya mizani imeniharibu macho kwa namna moja: nikimwona mtu, kabla sijajua kama ana furaha au ana huzuni, nimekwisha kujua ana kilo ngapi. Wakati wa vita na Uganda nilikwenda na mgambo wenzangu upande wa Kyaka, tukabeba masanduku ya risasi mabegani siku nyingi, nikarudi nimepungua kilo sita. Zilirudi zote. Maumivu ya mgongo yalipoanza miaka michache baadaye, nilisema ni yale masanduku. Wengine nikawaambia ni magunia. Nilikuwa na jibu tayari kwa kila aliyeniuliza, na mimi mwenyewe niliyaamini majibu yangu.

Domina, mke wangu, ndiye aliyegundua. Alikuwa ananichua kwa samli, mkono wake ukasimama katikati ya mgongo. Akasema hapa pana kitu. Nikapeleka mkono wangu, nikakuta pingili moja imejitokeza kama fundo la muwa. Nilipoibonyeza haikuuma sana. Akaendelea kunichua pembeni mwake.

Baada ya hapo miguu ikaanza kufa ganzi. Nitasema ilivyokuwa bila kuficha, kwa kuwa wapo watakaosoma hapa wakiwa na hali hiyo na wanaona haya kuisema. Kandambili ilikuwa inachomoka mguuni nami naendelea kutembea bila habari. Siku moja nilikaa jikoni, nikanyoosha mguu karibu na mafiga, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Domina ndiye aliyeuvuta mguu wangu. Kidonda kilikuwa kikubwa cha kumfanya mtu apige kelele, lakini mimi nilikitazama tu. Nilijua napaswa kuogopa, nikaingoja hofu ije, haikuja. Hali hiyo ya kutosikia kitu moyoni ilinikaa kwa muda mrefu kuliko ile ya miguu, na wagonjwa wengine wameniambia iliwapata vilevile. Usijilaumu ikikupata.

Mwaka huo senene walipokuja, watu wote walitoka alfajiri kwenda kuwaokota kwenye majani. Mimi nilibaki kitandani nikisikiliza wakiitana. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na nne kwa kukadiria, na makadirio yangu hayakosei sana. Na hapo ndipo shida nyingine ilipoanza, kwa sababu miaka ile ugonjwa mwingine ulikuwa umekwisha kutuingia. Tuliuita Juliana, jina la mashati ya magendo kutoka Uganda, maana walioanza kukonda ni wale wafanyabiashara waliokuwa wakiyavaa. Katika nyumba nne tulizopakana nazo tulikuwa tumezika vijana. Kwa hiyo mtu akikonda, hakuna aliyeuliza habari za pingili ya mgongo.

Wageni walianza kuishia uani. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, unamletea kwenye kikapu kidogo naye anachukua chache anatafuna huku mnaongea. Sasa wakawa wanachukua, lakini hawatafuni. Wanazishika mkononi mpaka wanaaga, halafu zinaingia mfukoni. Domina alikuwa akiziokota njiani, mbele kidogo ya nyumba yetu. Nilipoona miguu haibebi tena nikasema nipelekwe Bukoba, wanaume sita wakaja na machela kunifikisha barabarani. Watano walishika mti kwa jani la mgomba. Wa sita, aliyeshika upande wa kichwa kwa mikono mitupu, alikuwa Novati.

Novati ni mdogo wangu, tumbo moja, aliyenifuata. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua dagaa na samaki wa kukausha kisiwani Bumbire akawauza huku bara, na kwa kweli aliishi zaidi kisiwani kuliko nyumbani. Alikuwa na sauti kubwa na maneno ya kuchekesha. Njia nzima aliwatania wale watano kwamba wamekuja kubeba mtu au kufunga maandazi. Mimi sikucheka, lakini nilimshukuru.

Bukoba tulifikia mtaa wa Bilele kwa binamu ya Domina, na kutoka hapo nilibebwa kila asubuhi kwenda kungoja kupigwa picha ya mgongo. Ninachokumbuka ni benchi. Tulikaa siku tatu kwenye benchi lile, na katika siku tatu hizo hakuna aliyemwuliza mwenzake anaumwa nini. Kila mtu aliangalia mikono ya jirani yake, unene wake, kisha akaangalia pengine. Mwanamke mmoja alikuwa amevaa sweta mbili kwenye joto ili aonekane mnene. Nilimkadiria, nikajikemea, nikamkadiria tena.

Siku ya tatu daktari kijana aliinua picha yangu dirishani kwenye mwanga. Akasema si Juliana. Akasema kuna usaha umejikusanya ndani na unabana mishipa inayoshuka miguuni, na usipotolewa sitatembea tena. Kazi hiyo alikuwa akiifanya bingwa mmoja aliyekuja kwa ndege ndogo mara mbili kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni, kule kwetu Muleba. Angekuja kabla ya Pasaka. Asiponikuta tayari, safari nyingine ni baada ya miezi sita, na miguu haitangoja miezi sita. Domina alilia kwa furaha kwa sababu ya lile neno la kwanza. Mimi niliuliza kama ile picha naweza kwenda nayo.

Nililazwa misheni baada ya Mwaka Mpya. Siku zangu tangu hapo zilikuwa za sindano. Kila asubuhi moja, kwenye tako la kulia leo, la kushoto kesho, mpaka sitini. Sindano ya kumi masikio yalianza kulia. Sindano ya ishirini nilishindwa kuzuia haja ndogo, nikawekewa mpira. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, unageuzwa na kufutwa na mkeo akitazama pembeni ili usione kwamba anaona. Tulikuwa hatugombani kabla ya hapo. Pale tuligombana kila siku, kwa sauti ya chini, juu ya vitu kama chumvi kwenye uji. Yeye alikuwa akipika nyuma kwenye jiko la wauguzaji pamoja na wake wa wagonjwa wengine, na nadhani huko ndiko alikokuwa akilia, maana kwangu aliingia na uso mkavu.

Palikuwa na mhudumu mmoja mzee ambaye kazi yake ilikuwa kutugeuza sisi tusiojigeuza. Kabla ya kukushika aliweka viganja vyake kwapani kwanza vipate joto. Hakuwahi kueleza kwa nini, na sehemu kubwa ya mwili wangu isingejua tofauti. Lakini kila nikikumbuka hospitali nakumbuka hilo.

Sindano zikiwa zinakaribia mwisho, Sista alikuja na habari ya damu. Alisema bingwa hapasui mgongo bila chupa mbili. Moja ilikuwepo kwenye friji, sista mwenzake alikuwa ameitoa. Ya pili ni juu ya ndugu zangu. Domina alikwenda siku hiyohiyo kupimwa, damu yake ikakataa kulingana na yangu. Tukatuma habari nyumbani.

Hapa lazima msomaji aelewe hofu ya wakati ule. Hospitali yetu ilipima kundi la damu tu. Kipimo cha ule ugonjwa mwingine kilikuwa hakijatufikia. Lakini watu waliamini mtu wa maabara akishika chupa yako anakusoma mpaka ndani, na ukitoka hapo kijiji kizima kimekwisha kujua. Binamu zangu wawili walikuja wakafika getini, wakakumbuka wana mbuzi wa kutafutwa. Siwalaumu. Aliyebaki ni Novati, na Sista alisema ndugu wa tumbo moja ndio wenye matumaini zaidi.

Novati alikuja kutoka Bumbire zikiwa zimebaki siku nne ndege ifike. Alileta furushi la samaki wa kukaushwa, akamkabidhi Domina. Alikaa kando ya kitanda changu, akanishika mguu, nikamwambia asijisumbue, sisikii. Alicheka kidogo tu. Sista akamchukua kwenda maabara, ambayo kutoka kitandani kwangu ilionekana kupitia dirishani, mlango wa bluu ng'ambo ya uwanja. Nilimwona akifika mlangoni. Nilimwona akisimama. Sista aliingia ndani, yeye akabaki pale ameshika fremu ya mlango kwa muda ambao mtu angesali rozari nusu. Kisha akageuka, akavuka uwanja, akatoka getini. Hakurudi kuniaga. Alimwambia mlinzi kwamba anawahi boti.

Wodi nzima ilikuwa imeona. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee aliyevunjika nyonga, alisema kwa Kihaya maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili: mtu baki hukupa damu yake kwenye buni ya kahawa, na huyu mliyenyonya naye ziwa moja amekunyima. Alikuwa akisema juu ya omukago. Kwetu watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu, huchukua tunda moja la kahawa lenye buni mbili, kila mmoja akapaka buni yake damu yake, wakapeana na kumeza. Tangu siku hiyo nyumba zao ni nyumba moja, na watoto wao hawaoani. Nilijifunika shuka. Miezi mingi nilikuwa sisikii kitu, lakini siku hiyo nilisikia hasira, na niliishikilia kwa sababu angalau ilikuwa hai.

Aliyetoa chupa ya pili ni mama mkwe wangu, Ma Paskazia.

Nieleze tulivyokuwa. Mkwe kwetu ni mtu wa kuheshimiwa kwa kukaa mbali. Kwa miaka kumi ya ndoa yangu hatukuwahi kula pamoja wala kukutana uso kwa uso. Tulipokutana njiani kila mmoja alitazama migomba ya upande wake. Nilipolazwa alikuja kila Jumapili akitembea, lakini hakuingia wodini. Alikaa chini kwenye nyasi, nje, chini ya dirisha langu. Namsikia akisema, "Domina, mwulize kama amekula." Domina, aliyekaa hapo hapo kitandani, ananiuliza kama nimekula. Namjibu Domina. Domina analiambia dirisha. Wagonjwa wengine walizoea, ikawa wakinisikia nakohoa wanasema mwambie mama mkwe amekohoa.

Jumapili ile aliposikia habari ya chupa aliinuka akaenda maabara peke yake. Damu yake ilikubali. Alitoa sharti moja tu, kwamba chupa itakapotundikwa ifunikwe, kwa sababu si adabu mkwe kulala akitazama damu ya mama wa mke wake. Alichana upande mmoja wa kanga yake akawapa.

Ya kupasuliwa sina mengi. Asubuhi hawakupi chai. Wanakunyoa mgongo. Wanakusukuma kwenye kitanda cha magurudumu na unaona dari, na dari ya hospitali ile ina madoa ya mvua ambayo bado ningeweza kuyachora. Bingwa alikuwa mtu mfupi mwenye mikono midogo. Aliniuliza kwa Kiswahili kibovu kama naogopa, nikasema hapana, na ilikuwa kweli, ila haukuwa ushujaa. Kisha nikalala. Nilipoamka nilikuwa nimelazwa kifudifudi, mdomo mkavu, na pembeni yangu kwenye chuma palikuwa pamening'inia kitu kimefunikwa kipande cha kanga ya kijani. Mgongo uliuma kiasi kwamba niliusahau mguu. Sista alisema kuuma ni vizuri. Wewe utakayeambiwa hivyo, utamchukia aliyekuambia, lakini baadaye utaona alisema kweli.

Walinivisha plasta ngumu kutoka kwapani mpaka nyonga, ile ambayo wodini tuliiita hogo. Mvua za masika zilinyesha nikiwa ndani yake. Iliwasha, na Domina alikuwa akiniingizia ujiti wa mwanzi kunikuna. Kila asubuhi yule mhudumu mzee alinichoma vidole vya mguu kwa pini, akiniuliza, nami namjibu hapana. Pasaka ikapita. Wiki ya tano tangu kupasuliwa alichoma kidole gumba cha kushoto nikamwambia nimesikia. Hakuamini. Alinifunika uso kwa shuka akachoma tena, pengine anachoma, pengine hachomi, na mimi nikataja sawasawa. Domina alitoka mbio akalizunguka jengo, nikamsikia akimwambia mama yake nje. Ma Paskazia alisema, "Mwambie apunguze kelele, kuna wagonjwa." Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

Ningefurahi zaidi kama shangazi yangu Leokadia asingekuja wiki iliyofuata. Shangazi ndiye mwenye mila katika ukoo wetu. Alikuwa amekaa nyumbani akiwaza, na sasa alikuja na hitimisho lake. Alisema nimeingiziwa damu ya mama mkwe, na damu ya mtu ikiingia kwa mwingine huo ni omukago, uwe wa buni au wa mpira. Kwa hiyo mimi na Ma Paskazia ni ndugu, au pengine mimi ni mtoto wake, na kwa vyovyote Domina si mke wangu tena. Akasema Domina arudi kwao kwanza mpaka wazee wakae. Tulimwendea padri, padri alicheka, akasema hakuna kizuizi chochote. Shangazi akasema padri hana mkwe.

Mnaweza kucheka, na mimi sasa nacheka. Lakini siku ile Domina alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona kwamba analipima neno lile kwa uzito. Alikuwa amechoka. Alikuwa amenifuta na kunigeuza miezi minne, bado watu wakimwambia nyuma ya jiko kwamba mume wake ni Juliana tu, wazungu wanaficha. Huu ulikuwa mlango, tena wa heshima, ambao angeweza kutoka nao na hakuna ambaye angemsema. Nilijua hivyo nikanyamaza. Kama angeondoka, nisingeinuka kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na hilo pia nililijua.

Basi Ma Paskazia akaingia wodini. Kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejifunika kanga kichwani mpaka machoni, akasimama katikati ya vitanda akiutazama ukuta, si mimi. Alizungumza na ukuta.

"Omukago ni wa watu wawili," alisema. "Mimi nimetoa ya kwangu. Ya kwake niliionja lini? Huyu mtu nilimpa binti, na binti ni damu yangu. Sasa nimeongeza kidogo juu. Wewe Leokadia ukitaka kuirudisha, mfungue hogo uichukue mwenyewe."

Halafu akatoka, akarudi kwenye nyasi zake. Mzee wa nyonga alisema hiyo ni sheria safi. Shangazi alikaa kidogo, akaomba maji, akaondoka kuwahi gari. Domina akaniuliza kama nataka kugeuzwa. Nikasema ndiyo.

Nilisimama kahawa ilipoanza kuvunwa. Nilishikwa na watu wawili, nikatetemeka, nikahesabu mpaka ishirini nikakalishwa. Kesho yake hamsini. Nilitoka hospitali katikati ya kiangazi nikitembea kwa fimbo, na hogo wameikata wakanipa mkanda wa ngozi wenye vyuma ambao bado ninao. Mwezi wa kwanza majirani walinitazama kwa mbali. Nilipoanza kunenepa wakaja uani, kisha sebuleni. Siku moja mmoja wao alichukua buni kikapuni akatafuna huku akilalamika juu ya mvua. Domina alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Ushauri wangu kwako unayesubiri kupasuliwa ni mdogo. Maliza sindano zote. Kula hata kama huoni ladha. Mkubali anayekugeuza. Usipige hesabu ya nani amekuja kukuona na nani hakuja, maana utakuwa na muda mwingi wa kuipiga na utaikosea. Hili la mwisho nalisema kwa sababu mimi niliikosea, na Sista hakuniomba niandike habari hiyo, lakini naona nisipoiandika nitakuwa nimedanganya.

Novati hakuja tena hospitali. Alituma samaki. Kila boti iliyotoka Bumbire ilikuwa na mtu mwenye furushi la Evodi, na mimi nilimwambia Domina agawe wodini, mimi sili. Niliporudi nyumbani aliendelea kutuma, nikaendelea kugawa. Tulionana kwenye msiba wa baba mdogo. Alinisalimu nikamwitikia, basi. Nilikuwa na maneno niliyokuwa nimemtengenezea pale kitandani, kwa miezi mingi, nikiyapanga na kuyapangua, na nilikuwa nangoja aulize chochote ili niyatoe. Hakuuliza. Kijijini watu walimwita mchoyo wa damu, na mimi sikuwakataza.

Miaka miwili baada ya kupasuliwa kwangu wavuvi walimleta kutoka kisiwani. Walimwacha kwenye nyumba yake, upande wa chini wa kibanja, lile shamba la migomba la baba yetu. Domina alikwenda kwanza, akarudi, akaniambia, "Nenda leo." Nilikwenda mchana huo.

Alikuwa na kilo arobaini. Nilitamani siku hiyo nisiwe na macho haya. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, akanitazama jinsi ninavyoingia, akaangalia miguu yangu ikikanyaga.

"Geuka nione," alisema.

Niligeuka, nikapandisha shati. Alinyoosha mkono akaligusa kovu, akalifuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Ningetoa siku ile, wangeitia humu," alisema.

Nilibaki nimempa mgongo. Nikamwuliza kama alijua.

"Sikujua kaka. Nilihisi. Kule Bumbire kuna mwanamke niliyeishi naye, nilikuwa nimetoka kumzika. Mwilini sikuwa na kitu, nilikuwa na nguvu zangu zote. Nilikuja nikijiambia nitatoa tu. Nikafika mlangoni, nikafikiri, kama ninayo?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nikiwa wapi? Wodini, mbele ya wale wote? Ningesema neno lile, kesho ungekuwa ndugu wa Juliana, na hakuna mtu angeleta chupa ya pili. Afadhali niitwe mchoyo."

Maneno yangu niliyokuwa nimeyatengeneza yalikuwa mengi, na sikupata hata moja la kutumia. Nililia. Sikuwa nimelia nilipoungua mguu, wala kwenye lile benchi la Bukoba, wala siku nilipochomwa pini nikasikia. Nililia kwa sauti, mtu mzima na fimbo yake, mpaka yeye ndiye aliyeniambia inatosha. Alikuwa amenipa miguu yangu akabeba matusi miaka miwili, na mimi nilikuwa nimemnyima hata salamu. Niliona aibu kubwa kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Nilitaka kukaa karibu naye, lakini kigoda kilikuwa kifupi na mgongo wangu ulikuwa umekwisha kukataa. Nikamwambia asogee. Alisogea ukutani polepole, akijivuta kwa kiwiko, nami nikavua mkanda wangu wa vyuma nikauweka chini na kulala kando yake kwenye kitanda kile kile. Alianza kunisimulia habari za bei ya dagaa. Nilimsikiliza mpaka Domina alipokuja kututafuta.